Kazi ya Mfungaji Haiishi kwenye Fundo

Katika shule nyingi, siku ya somo la huduma ya kwanza ni siku ya furaha. Mwanafunzi mmoja hukubali kuwa majeruhi, huketi juu ya benchi mbele ya wenzake na kunyoosha mkono unaodhaniwa kuwa umevunjika. Mwenzake huweka mabanzi mawili, huzungusha bandeji, hupiga fundo na kurudi nyuma hatua moja. Mwalimu huja, hutazama kama bandeji imelala sawasawa, huvuta fundo kidogo kuona kama limeshika, kisha hutoa alama. Darasa hupiga makofi, bandeji hufunguliwa na somo linakwisha.

Katika zoezi hilo lote, mtu mmoja hakuulizwa neno, naye ndiye aliyefungwa. Hakuulizwa kama vidole vyake vinahisi, wala kama fundo linamwumiza, wala hali yake ingekuwaje kama angebaki amefungwa hivyo kwa muda wa saa mbili akisubiri gari la kumpeleka hospitali. Alama zote zimekwenda kwenye fundo. Hilo ni kosa la kielimu, na kwa kuwa linarudiwa mwaka hata mwaka, ni kosa lenye hatari. Kumfunga mtu, iwe kwa bandeji, kwa kamba au kwa mkanda wa usalama, ni kazi yenye sehemu mbili, yaani kufunga na kuangalia. Ya kwanza humalizika kwa dakika tano, lakini ya pili haimaliziki mpaka mtu huyo afunguliwe.

Hesabu ya kamba

Ubaya wa kamba iliyokazwa hauhitaji kuchukuliwa kwa imani, maana unaweza kuhesabiwa ubaoni. Kamba inayozunguka kitu cha mviringo hukibana kwa kanieneo ambayo ni sawa na kani ya mkazo wa kamba ikigawanywa kwa nusukipenyo cha kitu hicho mara upana wa kamba. Chukua mkono wa mbele wenye nusukipenyo cha sentimita 4, na mkazo wa nyutoni 20, ambao ni kama uzito wa mzigo wa kilo 2 tu. Kamba yenye upana wa sentimita 1 itabana ngozi kwa paskali 50,000, ambazo ni takriban milimita 375 za zebaki. Bandeji yenye upana wa sentimita 5, kwa mkazo uleule, itabana kwa paskali 10,000, yaani milimita 75 za zebaki. Bandeji ya sentimita 10 itabana kwa milimita 38 hivi.

Hesabu hii ni ya juu ya ngozi, na jinsi kamba ilivyo nyembamba ndivyo kanieneo inavyopungua upesi kuelekea ndani. Hata hivyo, mafunzo yake ni mawili. La kwanza ni kwamba upana ni kinga: kani ileile iliyo salama katika kitambaa kipana huwa adui katika kamba nyembamba. La pili linaonekana pale hesabu inapolinganishwa na mwili. Katika mtu mzima mwenye afya, moyo unapopiga husukuma damu ndani ya ateri kwa kanieneo ya karibu milimita 120 za zebaki, lakini damu inayorudi moyoni kwa njia ya vena ina kanieneo ndogo sana, ya milimita 10 hivi. Kwa hiyo bandeji inayobana kwa milimita 75 haizuii damu kuingia mkononi, lakini huizuia kutoka. Mkono hujaa kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba, huvimba na kubadilika rangi, na kadiri unavyovimba ndivyo bandeji inavyozidi kukaza.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza ya kuangalia. Mkono uliovunjika huendelea kuvimba kwa saa nyingi baada ya ajali. Bandeji iliyofungwa vizuri saa nne asubuhi yaweza kuwa kitanzi ifikapo saa sita mchana, bila ya mtu yeyote kuigusa. Mfungaji hakukosea alipofunga, lakini alikosea alipoondoka.

Neva na misuli

Chini ya ngozi kuna vitu viwili visivyostahimili kubanwa, navyo hudhurika kwa njia mbili tofauti.

Cha kwanza ni neva, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu. Ziko sehemu za mwili ambapo neva hupita karibu na mfupa bila nyama ya kutosha ya kuilinda. Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, ndipo mtu akijigonga huhisi mshtuko unaokimbia hadi kidole cha mwisho. Katikati ya mkono wa juu, neva nyingine huuzunguka mfupa kwa nyuma, na ikibanwa hapo mkono hulegea kwenye kifundo usiweze kuinuka. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, neva ya tatu hupita juu ya mfupa mwembamba wa fibula, nayo ikibanwa mtu hushindwa kuinua wayo na huuburura atembeapo. Fundo au kamba haifai kukaa juu ya mahali hapo patatu.

Neva iliyobanwa kidogo hupona kwa saa au siku chache. Iliyobanwa zaidi huweza kuchukua majuma. Ikiwa nyuzi zake za ndani zimekatika, huota tena kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, kiasi kwamba sentimita 10 ni safari ya zaidi ya miezi mitatu, na wakati mwingine safari hiyo haifiki mwisho. Jambo la kuhofisha ni kwamba neva huweza kuumia wakati mkono ungali na joto na rangi nzuri, kwa kuwa damu inapita kama kawaida. Atazamaye rangi peke yake hataona kitu.

Cha pili ni misuli. Misuli iliyokosa damu kabisa huanza kupata madhara ya kudumu baada ya muda wa saa nne hadi sita hivi, na misuli iliyokufa haioti tena. Mwaka 1881, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliandika juu ya wagonjwa ambao mikono yao ilipooza na vidole vikajikunja kama makucha. Alieleza kwamba chanzo kilikuwa ukosefu wa damu katika misuli kutokana na bandeji zilizokazwa mno. Ulemavu huo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Inafaa kukumbuka kwamba bandeji hizo zilifungwa na waganga waliosoma. Mara nyingi hapa kwetu lawama hutupwa kwa mafundi wa mifupa wa jadi, ambao hufunga kwa vijiti na vitambaa, na ni kweli kwamba wako wagonjwa waliofikishwa hospitali kutoka kwao mkono ukiwa umeshaoza. Lakini hogo la hospitali lililokazwa juu ya mkono unaovimba hufanya madhara yaleyale. Kifaa kinachotofautisha usalama na hatari si kijiti wala plasta. Ni jicho linalorudi kutazama, na sikio linalokubali kusikia.

Namna ya kuangalia

Kuangalia si kutupa macho. Ni uchunguzi wenye utaratibu, kama ule wa maabara, na kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kujifunza. Huanza kabla ya kufunga, kwa sababu asiyejua hali ya mkono ilivyokuwa hawezi kujua kama imebadilika. Hurudiwa mara tu baada ya kufunga, kisha kila baada ya dakika 10, na kila mara upande uliofungwa hulinganishwa na ule usiofungwa.

Damu hupimwa kwa kubonyeza ukucha mpaka upauke, kisha kuuachia. Rangi inapaswa kurudi kwa sekunde 2 hivi, ingawa baridi huweza kuichelewesha. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, kucha, viganja na nyayo huonyesha rangi vizuri kuliko mgongo wa mkono. Vidole vilivyopauka na kupoa ni dalili kwamba damu haiingii, na vidole vilivyovimba na kuwa na weusi wa zambarau ni dalili kwamba haitoki.

Neva hupimwa kwa hisia na kwa nguvu. Mfungaji hugusa ncha za vidole taratibu, kimoja kimoja, huku mwenzake akiwa amefumba macho, na kumwuliza ni kipi kilichoguswa. Kisha humwomba atende mambo matatu: ainue kifundo cha mkono juu, atanue vidole, na akutanishe kidole gumba na cha shahada kufanya duara. Kila tendo kati ya hayo hutegemea neva yake. Kwa mguu, humwomba ainue wayo na vidole kuelekea kwake. Ganzi, mchonyoto kama wa sindano, au udhaifu ambao haukuwapo mwanzo, ni amri ya kulegeza.

Misuli hupimwa kwa kuuliza juu ya maumivu. Maumivu yanayozidi badala ya kutulia, hasa vidole vinaponyooshwa taratibu na mtu mwingine, ni dalili ya mapema kuliko nyingine zote. Hapa kuna kosa linalowapata hata wajuzi, la kujifariji kwa mapigo ya mshipa. Ateri kubwa ina kanieneo ya juu, kwa hiyo huendelea kudunda, huku vijishipa vidogo vinavyolisha misuli vikiwa vimeshabanwa na kufungwa. Mkono waweza kuwa na mapigo na huku misuli yake inakufa.

Neno la aliyefungwa

Katika vipimo vyote hivyo, vilivyo vikubwa havisomwi kwa macho ya mfungaji. Ganzi haionekani, wala maumivu hayaonekani. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na elimu ya neva haina la kuongeza juu ya usemi huo. Aliyefungwa ndiye mwenye kipimo ndani yake, na kipimo hicho husomeka kwa njia moja tu, yaani yeye kusema na mwingine kumsadiki.

Kwa bahati mbaya, mambo mengi katika malezi hukibomoa kipimo hicho. Mvulana aliyelelewa akiambiwa kwamba kulalamika ni udhaifu atakaza meno. Binti aliyefundishwa kutomsumbua mkubwa atanyamaza. Mgonjwa atadhani kwamba maumivu ni sehemu ya dawa, na fundi au mwuguzi aliyechoka atamwambia avumilie. Mwanafunzi aliyejitolea mbele ya darasa hatataka kumharibia mwenzake alama. Kila mmoja wao ana sababu ya heshima ya kunyamaza, na mkono hauijui heshima hiyo.

Kwa hiyo haitoshi kungoja mtu aseme, bali hapana budi kumtengenezea nafasi ya kusema kabla ya kamba kumgusa. Mfungaji humweleza mwenzake anachotaka kufanya na kumwomba ridhaa. Humwambia dalili za kutazamia: ganzi, mchonyoto, baridi, maumivu yanayozidi. Hupatana naye neno moja, kama vile “fungua”, ambalo likitamkwa hutiiwa papo hapo, na maswali huulizwa baadaye. Ridhaa iliyotolewa mwanzo haimfungi mtu hadi mwisho, naye anayo haki ya kuiondoa wakati wowote bila ya kutoa sababu. Wala mfungaji hapaswi kuuliza “Uko sawa?”, kwa maana jibu la adabu kwa swali hilo ni “Niko sawa” hata kwa mtu anayeumwa. Aulize swali lenye kudai habari: “Kidole gani unakihisi kidogo kuliko vingine?”

Katika mazoezi ya darasani, masharti mengine hayana mjadala. Mkasi wenye ncha butu uwe karibu, si kabatini. Fundo liwe mahali linapofikika. Shingo haifungwi kamwe, hata kwa mzaha. Na mtu aliyefungwa haachwi peke yake, hata kama ni kwa muda wa kwenda kuchukua chaki.

Asiyeweza kusema

Kanuni hiyo ina ugumu wake mahali ambapo aliyefungwa hawezi kusema. Mtoto mchanga, mtu aliyezimia, mlevi na mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi hawana neno la kupatana. Kwao vipimo vya macho na vidole hufanywa mara nyingi zaidi, kwa kuwa kipimo kilicho bora hakipo.

Wako pia wanaoweza kusema sasa, lakini huenda wasiweze baada ya dakika kumi. Fundi wa mnara wa simu aliyeteleza na kuning'inia katika mkanda wake wa usalama huonekana ameokoka. Lakini miguu inayoning'inia bila kujongea haisukumi damu kurudi juu, damu hukusanyika chini, na ubongo huanza kupungukiwa. Mwaka 1972, waganga wa uokoaji milimani waliokutana Innsbruck, Austria, walilijadili jambo hili baada ya wapanda milima kufa wakiwa wananing'inia kambani. Katika majaribio yaliyofanywa baadaye, baadhi ya watu wenye afya walikaribia kuzimia katika dakika chache, na wengine wakastahimili zaidi ya nusu saa. Hakuna ajuaye kabla yeye ni wa kundi lipi. Aliye chini hana budi kumsemesha mwenzake mfululizo, kumhimiza ajongeze miguu, na kuhesabu kichefuchefu, jasho la baridi au jibu lililochelewa kuwa ni mwito wa kumshusha mara moja. Akishushwa, hulazwa chali. Desturi ya zamani ya kumkalisha kwanza imeachwa, kwa kuwa haikuonekana kuwa na msingi.

Wazamiaji lulu wa Ghuba, ambao miongoni mwao walikuwamo wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, waliyajua haya kabla ya maabara. Mzamiaji alishuka na jiwe la uzito, na juu mashuani alikuwapo mvutaji mwenye kamba yake mkononi. Mzamiaji hakuweza kupiga kelele chini ya maji, bali aliitikisa kamba, na mvutaji akamvuta. Uhai wa mmoja ulikuwa katika usikivu wa kiganja cha mwingine. Mvutaji aliyegeuka kupiga gumzo hakuwa mvivu tu, alikuwa hatari.

Kamba isiyofaa kufungwa

Kujua kufunga ni pamoja na kujua wakati wa kutofunga. Vijijini bado iko desturi ya kumkaza kwa kamba mtu aliyeumwa na nyoka, juu ya jeraha, kisha kumsafirisha kwa saa nyingi. Ushauri wa kitabibu wa leo unakataza jambo hilo. Kamba haizuii sumu kwa namna ya kutegemewa, na mguu ambao ungeweza kupona sumu huweza kukatwa kwa sababu ya kamba. Kinachofaa ni kumtuliza mgonjwa, kumvua pete na bangili, kuuweka mguu au mkono utulie kwa banzi lisilobana, na kumwahisha hospitali. Aliyekwisha kufungwa kwa kukazwa hafunguliwi kwa ghafla njiani, bali mbele ya waganga walio tayari kumhudumia.

Kamba inayokazwa kweli ina mahali pake pamoja tu katika huduma ya kwanza, nako ni kwenye damu inayobubujika mkononi au mguuni na kukataa kuzuiwa kwa kugandamizwa. Hata hapo hutumika mkanda mpana, na saa ya kufunga huandikwa mahali paonekanapo, kwa maana baada ya saa mbili hatari ya kuumiza neva na misuli huongezeka. Saa hiyo iliyoandikwa ni njia ya kumkabidhi mwingine kazi ya kuangalia.

Alama zitolewe kwa nini

Watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya yatarefusha somo ambalo tayari ni fupi. Ni kweli, yataongeza dakika kumi. Lakini dakika hizo kumi zina fizikia ya kanieneo, biolojia ya neva na mzunguko wa damu, na somo la kuheshimu neno la mtu mwingine, na ni nadra kupata mambo hayo matatu mahali pamoja. Wengine watasema kwamba kuwauliza wanafunzi juu ya maumivu ni kuwadekeza. Hao na watazame mkono uliokunjamana kama kucha, kisha waseme kama uvumilivu ulimsaidia mwenye nao.

Mabadiliko yanayotakiwa si ya gharama. Mwalimu atoapo alama kumi kwa zoezi la kufunga, nne ziende kwenye mabanzi, bandeji na fundo. Sita zilizobaki ziende kwenye yale yaliyofanywa kabla na baada: ridhaa iliyoombwa, mkono uliopimwa kabla, ukucha uliobonyezwa, maswali yaliyoulizwa, saa iliyoandikwa, na wepesi wa kulegeza neno lilipotamkwa. Na sehemu ya alama hizo zitolewe na yule aliyekuwa amefungwa, kwa maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa ndani ya bandeji.

Mwanafunzi atakayefundishwa hivyo, siku moja atakuwa kando ya barabara, usiku, na majeruhi wa kweli. Huenda fundo lake lisiwe zuri. Lakini ataketi pale pale, ashike vidole vya mwenzake, na aulize tena.